Rimu za Dhahabu kwenye Damu ya Mzee

Mpwa wangu alinunua Altezza kabla hajanunua kitanda. Simlaumu sana, maana gari lenyewe lina haki ya kupendwa. Toyota walilitoa mwaka 1998, likatwaa tuzo ya Gari la Mwaka huko Japani, na taa zake za nyuma zenye kioo cheupe zikaigwa hadi kwenye magari yasiyo na udugu nalo wowote. La kwake lina injini ya lita 2 na gia 6 za mkono. Lilikuwa la rangi ya fedha, limepauka boneti na paa kama magari yote yanayoshinda juani Dar es Salaam.

Akalipeleka kwa fundi rangi mmoja huko Ilala, mzee asiyependa kuharakishwa, likatoka rangi ya damu ya mzee. Nakiri, lilipendeza. Pati haikuacha wimbi hata moja. Ukisimama ubavuni unajiona mpaka vifungo vya shati. Siku ya kulichukua mzee alisema mambo mawili. Kwanza, rangi bado changa, kwa hiyo mwezi mzima lisipakwe nta wala kubandikwa kitu. La pili alilisema huku akimpa kipande cha bampa alichokipuliza rangi ileile.

"Ukienda kutafuta rimu, mwanangu, nenda na hiki. Kiweke kando yake saa sita mchana, halafu kitazame tena jioni. Damu ya mzee ina sura mbili."

Kipande kikatupwa kwenye buti, chini ya jeki.

Siku ya nne mistari miwili myeusi ya stika ilikuwa tayari kwenye boneti. Rangi ya gari hukauka juu kwanza, na thina iliyobaki chini huendelea kutoka taratibu kwa siku nyingi. Ukiizibia njia kwa stika, itatafuta pa kutokea. Wiki mbili baadaye mistari ilikuwa na malengelenge kama mkono uliomwagikiwa uji wa moto, na alipoivuta ikang'oka pamoja na kliya.

Zikafuata kalipa za breki, akazipaka nyekundu ya pilipili. Hapa hata mtu asiyejua gari angeona kosa, maana nyekundu kali ikikaa jirani na damu ya mzee huiua. Bodi iliyokuwa inameta kama zabibu ikageuka kahawia ya udongo. Mimi ningeziacha rangi ya chuma, au nyeusi. Isitoshe, alitumia kopo la kawaida la kupuliza, lisilohimili joto la breki, na mwezi haukuisha kabla hazijaanza kubabuka.

Hayo yote ni makosa ya macho, na kosa la macho linasahihishwa kwa msasa. Rimu ni habari nyingine.

"Mjomba, nimepata dhahabu, inchi 18!" alinipigia simu. Nilimuuliza matundu yake yakoje. "Matano, kama ya kwangu." Akaona amejibu.

Altezza ina stadi tano zilizopangwa kwenye duara la milimita 114.3. Rimu alizouziwa zilitoka kwenye Mercedes, na duara lake ni milimita 112. Ukigawa tofauti kwa mbili, kila tundu limekosea kwa milimita 1.15, na muuzaji alipozipachika zikaingia. Ziliingia kwa sababu Mercedes ya aina ile hutumia bolti za milimita 14, matundu yake ni mapana, na stadi za Altezza ni za milimita 12. Tundu la katikati nalo lilikuwa pana kuliko kitovu cha Altezza, kwa hiyo hakuna kilichoiweka rimu katikati. Nati alizotumia zimechongwa kama pia, ilhali kiti cha nati kwenye rimu zile ni cha mviringo kama bakuli. Zikawa zinagusa ukingo tu. Na ile dhahabu ilipulizwa mpaka ndani ya viti vya nati. Rangi iliyobanwa hapo hupondeka, nati ikabaki imelegea huku mwenye gari akijua imekazwa.

Kuanzia kilomita 80 kwa saa usukani ukawa unatetemeka. Akaenda kufanya balansi, mara mbili, na mara zote mbili mashine ikasema gurudumu halina tatizo. Mashine haikudanganya, kwani yenyewe huishika rimu kwenye tundu la katikati. Kwenye gari ilikuwa imeshikwa na stadi zinazovutana, kila moja upande wake.

Siku ya tukio walikuwa watatu, wanakwenda Morogoro harusini. Walipoipita Mlandizi akasikia kitu kinagonga mbele kushoto, ko, ko, ko, akadhani ni jiwe limenasa. Alipopaki kando, stadi mbili zilikuwa zimekatika, ya tatu haina nati, na matundu ya rimu yameliwa yakawa mayai. Madigadi iliyopuliziwa kwa kazi ya wiki nzima ilikuwa imechanwa na tairi. Trafiki aliyefika hakuuliza kwanza habari za stadi. Aliomba kadi ya gari, akaisoma, akalizunguka gari lote.

"Hapa imeandikwa fedha. Hilo la fedha liko wapi?"

Rangi mpya haikuwa imesajiliwa kwenye kadi, na mpwa wangu hakuwa na jibu.

Rimu zake za zamani, zile za inchi 17 zilizotoka kiwandani na gari, alikuwa amemwachia muuzaji yuleyule kama sehemu ya malipo. Alizikuta bado zimening'inia dukani, bei imepanda. Akazinunua tena.

Jumamosi iliyopita nilimkuta Ilala, gari limepandishwa kwenye magogo linasubiri madigadi. Rimu zilikuwa zimeegemezwa ukutani zikiwa na praima tupu. Alikuwa na vifuniko vitatu vya makopo vilivyopulizwa shaba, kijivu na nyeusi, na mkononi kile kipande cha bampa kikiwa kimechubuliwa na jeki. Ilikuwa yapata saa nane. Nilimwambia twende tukale, akasema hawezi kuondoka kabla ya jioni.