Mwenye Shule ni Nani?

Chuo kikuu kiendapo kwa maskini, chaenda kama nani? Swali hili lapasa kuulizwa kabla ya kuhesabu vitabu na fedha zitakazopelekwa, maana mtu aweza kupokea vyote hivyo akabaki hana kauli nyumbani mwake. Mwaka 1884 Toynbee Hall ilifunguliwa mashariki ya London, ili vijana wa Oxford na Cambridge wakae jirani na wahitaji. Tangu 1985 Chuo Kikuu cha Pennsylvania, huko Marekani, kimeshirikiana na shule za magharibi ya Philadelphia, ili jengo la shule liwafae wazazi pia, wala si watoto peke yao. Nia ni njema. Ila katika habari zote mbili aliyepiga hatua ya kwanza ni mwenye kisomo.

Songea ilianzia upande wa pili. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 vijana wachache wa TANU walikwenda Litowa kulima kwa ushirika, na mwaka 1963 wakawa na chama cha maendeleo cha Ruvuma, ambacho baadaye kilikuwa na vijiji vipatavyo 17. Kijiji kilitangulia, shule ikafuata. Watoto wa vijiji hivyo walikaa Litowa, wakalima chakula chao, wakasomeshwa mambo ya maisha waliyokuwa wakiyaishi. Mgeni hakukosekana: Mwingereza Ralph Ibbott aliishi hapo pamoja na jamaa yake, akawa mshauri. Lakini mshauri hutoa shauri tu. Neno la mwisho lilikuwa la mkutano wa wanakijiji. Hiyo ndiyo tofauti kubwa, nayo haionekani katika hesabu za misaada.

Oktoba 1966 wanafunzi wa chuo kikuu Dar es Salaam waliandamana kupinga masharti ya kulitumikia taifa, na karibu 400 kati yao wakarudishwa makwao. Miezi michache baadaye, Machi 1967, Nyerere alitoa Elimu ya Kujitegemea. Msomaji akiyasoma maneno yale huku akiikumbuka Litowa atadhani kwamba wakulima walikuwa wamekwisha yatenda kabla hayajaandikwa. Nani basi alikuwa mwalimu, na nani mwanafunzi?

Huenda mtu akajibu kwamba mapenzi ya kijiji hayatoshi bila ujuzi. Ni kweli, mashine ya kusaga nafaka haiendeshwi kwa nyimbo. Lakini Litowa haikuangushwa na uhaba wa ujuzi. Septemba 1969 Kamati Kuu ya TANU ilikivunja chama kile, mali yake ikachukuliwa, na walimu wakahamishwa. Waliobaki na habari zake ni wasomi, walioziandika zaidi kwa Kiingereza. Kitabu cha Ibbott mwenyewe kilitoka 2014. Yaani elimu iliyozaliwa shambani ilipanda rafuni, na ngazi ya kuirudisha chini haikuachwa. Hilo ni deni, wala halilipwi kwa shukrani katika dibaji.

Leo Chuo Kikuu Huria kina kituo Songea, na mwaka 2016 ada iliondolewa hadi kidato cha nne. Hata hivyo mzazi mwenye kipato kidogo bado atafuta sare, madaftari na chakula cha mchana cha mwanawe. Chuo kikitaka kushirikiana naye kwa kuifanya shule ya mtaa kuwa kituo cha watu wote, kuna mambo madogo yatakayosema ukweli kuliko mkataba: mkutano utaitishwa saa ngapi, maana wakati wa palizi mama hawezi kuja asubuhi, utasemwa kwa lugha gani, na ufunguo wa kituo utakaa kwa nani wanafunzi wa chuo wakienda likizo. Kisha lipo la nne, ambalo wageni wengi hulikwepa: mkutano ukikataa walichokuja nacho, watarudi tena?