Ushahidi wa Sheikh: Kumpigia Debe Mgombea Lamu

Kumuunga mkono mgombea hadharani ni kutoa ushahidi. Anayesema fulani anafaa anadai kwamba anamjua, na anawaomba watu waitegemee kauli yake. Mufti Muhammad Shafi wa Pakistan aliipa kura yenyewe sura tatu: ushahidi, shufaa na uwakala. Neno la sheikh ni zito zaidi, kwa kuwa kura ni ya mtu mmoja, ilhali neno lake hubeba kura za wengi.

Lamu ndiyo kaunti yenye wapiga kura wachache kuliko zote nchini Kenya. Tangu 2013 ina gavana na bunge lake, na wadi 10, kuanzia Kiunga, Basuba na Faza hadi Shela, Mkomani na Witu. Mwaka 2017 Fahim Twaha alimshinda Issa Timamy kwa tofauti ndogo mno. Mwaka 2022 Timamy akarudi. Mahali kama hapo msikiti mmoja unaweza kuamua nani awe mwakilishi wa wadi.

Ni nadra sheikh kutamka wazi kwamba fulani apigiwe kura. Mgombea huja baada ya isha, akakaa barazani na wazee, kahawa ikapita, kisha akaomba asomewe dua. Mikono huinuliwa, watu huitikia amin. Asubuhi picha imeshaenea kwenye simu, na katika mtaa mzima wa Langoni habari ni kwamba sheikh ameshampa baraka zake. Kumwombea mtu heri hakuna ubaya, na asiyeombewa ni nani? Lakini sheikh anayejua jinsi dua yake inavyotumiwa, akanyamaza, ameshashuhudia.

Wapo wanaoona kwamba hapo hapana la kujadili: Mtume alikataa kumpa uongozi aliyeuomba, basi mgombea amejikosesha sifa kwa kugombea tu. Hoja hiyo ina uzito, ila Nabii Yusuf aliomba asimamie hazina za Misri, na sababu aliyoitoa ni uaminifu na ujuzi. Haya mawili ndiyo ya kushuhudiwa. Je, mtu huyu alipokabidhiwa pesa za kisima, za wakfu au za chama cha wavuvi, hesabu ilitimia?

Ukoo si jibu la swali hilo, ingawa Lamu hutajwa kwanza. Zamani pande mbili za mji, Zena na Suudi, zilipokezana uongozi kwa zamu, upande mmoja usije ukamiliki mji. Habib Swaleh naye, aliyeasisi msikiti na chuo cha Riyadha mjini humo, aliwafungulia elimu watumwa na watu wasio na nasaba, na baadhi ya wakubwa wa mji wakachukizwa. Kipimo chake ndicho kinachopaswa kutumika kwa mgombea, awe Mbajuni wa Kizingitini au Mkikuyu wa Mpeketoni. Qurani inaamrisha ushahidi wa haki hata dhidi ya jamaa wa karibu.

Mahali pa kushuhudia napo pana hukumu yake. Hotuba ya Ijumaa husikilizwa kwa kimya. Hata anayemwambia mwenzake anyamaze tu, amefanya upuuzi. Kwa kadhi, shahidi huulizwa na uadilifu wake huchunguzwa. Kumnadi mgombea juu ya mimbari, basi, ni kushuhudia mbele ya watu waliozuiwa kuuliza, na hiyo ni dhuluma kwao. Mwaka 2021 Askofu Mkuu Jackson Ole Sapit aliwazuia wanasiasa kuhutubia katika makanisa ya Kianglikana Kenya. Misikiti ina sababu zaidi ya kufanya hivyo. Barazani ni tofauti: huko kijana wa Matondoni anaweza kumjibu sheikh, kwa adabu, kwamba mtu huyo alikuwa diwani na gati halikujengwa.

Limebaki suala la zawadi. Msimu wa kampeni huleta mikeka, saruji na pampu za maji misikitini. Fiqhi hukataa ushahidi wa anayejivutia manufaa kwa kauli yake. Kwa hiyo imamu aliyepokea mikeka ya mgombea hana ushahidi juu yake, hata kama anamjua kuwa mwema, na linalomlazimu ni kuwaambia maamuma mikeka imetoka kwa nani.