Akili na Kipimo cha Wema

Mtu hujuaje ya kuwa dhuluma ni mbaya? Ni kwa akili yake, au ni kwa kuambiwa tu? Suala hili si la jana. Wanavyuoni wa Muutazila, na katika wakubwa wao ni Kadhi Abdul Jabbar aliyefariki mwaka 1025, walisema ya kuwa ubaya wa dhuluma hujulikana kwa akili hata kabla ya kufika sharia. Ashaari wakajibu ya kuwa akili yapambanua manufaa na madhara, lakini thawabu na adhabu hazijulikani ila kwa sharia. Hatutaki kuufufua ugomvi huo. Ila makundi yote mawili yaliafikiana ya kuwa mwendawazimu hakalifishwi kitu. Asiye na akili hana wajibu.

Mwaka 1785 Immanuel Kant, mwanafalsafa wa Königsberg, alitoa kitabu cha kuonyesha ya kuwa msingi wa wema ni akili, wala si faida wala hawaa ya nafsi. Mfano wake mmoja ni wa mtu mwenye dhiki akopaye fedha na kuahidi kuzilipa, hali ajua hatalipa. Kant amtaka alifanye tendo lake kuwa kanuni ya watu wote, kisha atazame. Kila mwenye dhiki akiahidi uwongo, hapana ahadi itakayosadikiwa, wala hapana atakayekopesha. Basi mdanganyifu huyu ataka watu wote waaminiane, na yeye peke yake atoke katika kanuni.

Sisi watu wa miji ya biashara twaufahamu mfano huu upesi, kwani duka na jahazi zote husimama kwa amana.

Wako wasemao, kama David Hume kabla ya Kant, ya kuwa akili ni mtumishi wa matamanio tu. Na kweli twamwona mwerevu akiitumia akili yake kutafuta hila ya kula mali ya yatima. Lakini mbona atafuta udhuru? Ni kwa sababu akili imekwisha mhukumu. Mizani haiwi mbovu kwa kuwa muuzaji aikandamiza kwa kidole.

Basi, ndugu zetu, afuataye mazoea bila ya kuuliza ameitupa mizani, na aulizaye kisha akajitoa nafsi yake ameipunja. Kabla ya kuizuia sehemu ya dada yako katika mirathi, jiulize: je, waridhia hili liwe kanuni ya kila mtu, nawe ukiwamo?