Haki ya Mwenye Kujaribu Kanuni

Kanuni ni kitu chepesi kuandika na kizito kubeba. Mtungaji huiona katika karatasi, nayo imenyooka; mtu mwingine huikuta katika matendo, nayo imemshika mkono asifanye alitakalo. Wahenga walinena kuwa kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Basi mtunga kanuni anapowaita watu wakilalie kitanda chake kabla hajakiuza, ana wajibu gani kwao, nao wana wajibu gani kwake?

Nitalichunguza swali hili kwa mfano ambao huenda baadhi ya wasomaji wakauona mdogo, yaani mchezo. Walakini mchezo una fadhila ambayo mambo makubwa hayana: ndani yake twaweza kuiona kanuni ikizaliwa, ikijaribiwa na kufa katika muda wa miezi michache, wala hapana mtu aliyeumia.

Mchezo wenyewe huitwa Dungeons & Dragons. Ulitungwa Marekani na Gary Gygax na Dave Arneson, ukachapwa kwanza mwaka 1974 katika vijitabu vitatu, nakala 1,000 tu. Watu huizunguka meza. Mmoja wao huwa msimulizi, na kila mmoja wa wengine huwa mhusika katika kisa: shujaa, mchawi au mwizi. Msimulizi hueleza hali. Mchezaji husema atendalo mhusika wake. Na penye shaka hutupwa dadu, aghalabu ile yenye pande 20, kisha kanuni za kitabu huamua kama upanga umepata au umekosa. Kinachoundwa pale ni hadithi ya watu wote, na kinachoizuia hadithi hiyo isiwe ndoto tupu ni kanuni.

Kanuni hizo zimeandikwa upya mara kadha wa kadha. Kampuni ya Wizards of the Coast, iliyoupata mchezo huu mwaka 1997, ilipoandaa toleo la tano ilitoa kanuni zisizokamilika mwezi wa Mei 2012, ikawaomba watu wazicheze na kuzitolea maoni. Kitabu cha wachezaji kilipotoka mwaka 2014 kiliwashukuru wajaribu zaidi ya 175,000. Kampuni ya Paizo nayo ilifanya vivyo hivyo kwa mchezo wake wa Pathfinder: jaribio la toleo la pili lilianza Agosti 2018, na kitabu kamili kikatoka Agosti 2019.

Tuanze na wajibu wa mjaribu. Mchezaji hutafuta furaha. Mjaribu hutafuta kasoro, hata ile inayomfaidi. Akiona kuwa mhusika wake ana nguvu kupita wenziwe wote, yampasa aseme, ingawa kwa kusema atanyang'anywa upanga wake. Tena yampasa aicheze kanuni kama ilivyoandikwa, hata ikiwa inamchosha. Msimulizi mwema hushawishika kuitengeneza kimyakimya kwa kuwahurumia rafiki zake; lakini hapo anauficha ubovu wa kanuni kama mpishi hodari auzimavyo uvundo wa samaki kwa bizari. Wageni wake watakula na kushukuru, na mvuvi hatajua kamwe kuwa samaki wake walikuwa wameoza.

Ushahidi wa mjaribu, hata uwe wa kweli namna gani, una mpaka wake. Jaribio la Pathfinder la mwaka 2018 lilikuwa na kanuni iliyompa kila mhusika akiba ndogo ya nguvu kwa siku ya kutumia vitu vya uchawi, na hata kunywa dawa ya kuponya majeraha kulipunguza akiba hiyo. Kusudi la watungaji halikuwa baya: walitaka kukomesha tabia ya kubeba rundo la vitu rahisi na kuvitegemea kwa kila jambo. Wachezaji wakalalamika, na kanuni ikaondolewa. Badala yake kitabu kamili kiliweka mpaka wa vitu 10 vya kuvaliwa ambavyo mtu aweza kujifunga navyo kwa siku. Malalamiko yalikuwa ya haki, lakini dawa haikuwamo katika malalamiko. Mgonjwa ndiye ajuaye panapouma. Kujua mti wa kumponya ni kazi ya mganga. Mganga asiyemsikiliza mgonjwa ni mjinga, na mganga amwachiaye mgonjwa achague mizizi ameikimbia kazi yake.

Labda mtu atasema kuwa wengi hawafai kuulizwa, maadamu watachagua utamu daima. Tukio la mwaka 2022 lapinga neno hilo. Mwezi wa Agosti mwaka huo Wizards of the Coast ilianza jaribio jipya la Dungeons & Dragons, na miongoni mwa kanuni za kwanza ilikuwamo moja ya upole: mazimwi ya msimulizi hayangeweza tena kupiga pigo la ziada dadu ionyeshapo 20; wahusika wa wachezaji peke yao wangebaki na bahati hiyo. Wachezaji wengi waliikataa zawadi hii. Walitambua kuwa hatari ikiondolewa, ushujaa nao huondoka. Vitabu vipya vilipoanza kutoka mwaka 2024, mazimwi yalikuwa na pigo lao kama zamani.

Sasa tugeukie wajibu wa mwenye kuuliza, ambao naona ni mzito zaidi. Jaribio hilo likiendelea, ilijulikana mwezi wa Januari 2023 kuwa kampuni ilikusudia kuibadili leseni ya mwaka 2000, ambayo chini yake waandishi na wachapaji wengine walitunga kazi zao juu ya kanuni za mchezo huu. Juu ya pigo la zimwi umma ulikuwa umeulizwa. Juu ya riziki ya waandishi haukuwa umeulizwa. Kelele zilipozidi, kampuni ilitoa rasimu nyingine na kutaka maoni. Majibu zaidi ya 15,000 yakaja, yaliyo mengi ya kukataa. Tarehe 27 Januari 2023 ilitangaza kuwa leseni ya zamani itabaki kama ilivyo, na hati ya kanuni za msingi ikatolewa kwa umma kwa ruhusa isiyoweza kutanguliwa.

Sisemi kuwa watu waliulizwa dogo ili walisahau kubwa. Nia za watu ni siri yao. Nasema tu kuwa aliyekwisha kuwazoesha watu kuulizwa amejifunga deni. Amekiri kwamba ujuzi wa wanaoishi chini ya kanuni ni ujuzi wa kweli, naye hawezi kuukubali ujuzi huo mezani akaukana sokoni. Kwa hiyo mwenye kuuliza ana masharti matatu: aulize juu ya lile linalowafunga watu hasa, na si juu ya mapambo yake; aulize wakati ambapo jawabu bado laweza kumgeuza; na akishaamua, awaeleze sababu wale ambao shauri lao hakulifuata. Likikosekana sharti la kwanza, kuuliza ni kuwachezea watu; likikosekana la pili, ni kuwapotezea siku zao; likikosekana la tatu, ni kuwadharau.

Mambo haya hayakomi katika dadu. Shule ina kanuni, chama kina kanuni, na nyumba ina kanuni. Na kila mahali hupatikana watu wanaoitwa watoe maoni. Aitwaye na aseme kweli, hata iliyo kinyume cha faida yake. Aitaye na ajiulize kwanza, kabla hajamsumbua mtu, kama yuko tayari kukivunja kitanda alichokichonga kwa mkono wake mwenyewe.