Analiliwa nani?

Mtu wa Manundu mjini Korogwe akikuambia jirani yake yuko kilioni, hana maana kwamba jirani huyo anatokwa na machozi. Ana maana amekwenda penye mikeka, turubai na masufuria makubwa, ambapo huenda saa nzima ikapita bila mtu kulia. Neno la sauti limekuwa neno la mahali na la mkusanyiko. Korogwe jambo hili lina uzito wake. Reli ya kutoka Tanga ilifika hapo mwaka 1902, mashamba ya mkonge yakavuta vibarua kutoka mbali, na tangu hapo Wasambaa, Wazigua na Wabondei wamezikana na watu wenye desturi nyingine za kulia. Mwislamu na Mkristo hukaa kwenye mkeka mmoja. Ndipo linapozuka swali la zamani: je, kulia kwa sauti mbele ya maiti ni upungufu wa imani? Naona swali hilo limekosea mizani, kwa kuwa linapima ukubwa wa sauti. Kiswahili hupima kingine: sauti hiyo inaelekezwa kwa nani.

Tuyatazame maneno yenyewe. Kite ni sauti ya uchungu mkali, hasa wa mwanamke anayejifungua. Hakimwambii mtu lolote. Kuugua ni kuwa mgonjwa, na pia ni kutoa sauti ya maumivu, wala lugha haikuona haja ya kutenganisha mwili unaouma na mlio wake. Kwikwi humshika mtu bila hiari, ndiyo maana jina hilohilo ni la mfiwa aliyelia hadi pumzi zikamkatika na la mtoto aliyekunywa uji kwa pupa. Yowe ni tofauti kabisa: hupigwa ili watu waje, awe mwizi, uwe moto, awe mamba wa mto Pangani, na anayelisikia haulizi mpigaji ana huzuni kiasi gani, hutoka mbio. Kuomboleza nako kunataka maneno na mpangilio. Shaaban Robert, mtu wa Tanga, alimwombolezea mkewe kwa vina na mizani, na katika Kitabu cha Maombolezo sura nne kati ya tano zimefuata mpangilio wa herufi 22 za Kiebrania. Huzuni inayohesabu herufi tayari inamzungumzisha mtu. Mwisho kuna kulalamika, na hakuna lalamiko lisilo na mshtakiwa.

Maandiko ya dini zetu mbili yanafuata mpaka huohuo kati ya sauti isiyomwelekea mtu na ile inayomwelekea. Mtume Muhammad alitokwa na machozi alipofiwa na mwanawe Ibrahim, na alipomzuru sahaba wake Saad bin Ubada aliyekuwa mgonjwa alieleza kwamba Mwenyezi Mungu haadhibu kwa chozi la jicho wala kwa huzuni ya moyo, bali kwa hiki, akaashiria ulimi. Katika Injili ya Yohana, Yesu anaugua rohoni kabla ya kulia katika msiba wa Lazaro. Kiyunani kina kitenzi kimoja kwa kilio cha Mariamu, dada yake Lazaro, na waliofuatana naye, na kingine kwa kilio cha Yesu. Wafasiri wa Kiswahili, walipofika kwa Yesu, waliongeza neno machozi, kwa kuwa kulia peke yake kungeweza kusikika kama sauti tu.

Atakayepinga atasema kwamba niyaha, yaani maombolezo ya kupita kiasi juu ya maiti, imekatazwa waziwazi, na kuna wanazuoni wanaohesabu kule kupaza sauti kwenyewe kuwa sehemu ya katazo. Ni kweli, na siandiki fatuwa. Lakini angalia kilichokemewa zaidi: kupiga mashavu, kurarua nguo, kulia kwa ujira. Mliaji wa kukodiwa ana wasikilizaji wake, nao wamekaa palepale; sauti yake imetengenezwa kwa ajili ya masikio yao. Bibi Aisha, mke wa Mtume, naye hakukubali kauli kwamba maiti huadhibiwa kwa kilio cha watu wake, akatoa hoja ya Qurani kwamba hakuna abebaye mzigo wa mwenzake.

Pingamizi zito zaidi ni la Ayubu na Zaburi: mbona hao wanamlalamikia Mungu, na maneno yao ni maandiko matakatifu? Hapa sarufi yetu inatufaa kuliko hoja nyingi. Kumlilia marehemu ni kulia kwa sababu yake. Kumlilia Mungu ni kulia mbele yake, ukimtaka asikie. Kitenzi ni kimoja, kiambishi ni kilekile, na hata kumlalamikia mtu kunaweza kuwa kumshtaki au kumpelekea mashtaka. Aliye nje ya moyo wa mfiwa hawezi kupambanua. Kwa hiyo anayemwinamia mwanamke penye jeneza na kumwambia anyamaze asije akakufuru, amejipa ujuzi asio nao: amekwisha amua ni nani anayeliliwa. Nabii Yaakub alimlilia mwanawe Yusuf hadi macho yakawa meupe kwa huzuni, na wanawe wakamkemea kwamba hataacha kumtaja Yusuf mpaka adhoofike au aangamie. Akawajibu kwamba mashtaka yake anayapeleka kwa Mwenyezi Mungu. Kwao hakuwa amepeleka chochote.