CHOMBO KINACHOGEUKIA UPEPO

Masomo: Mwanzo 41:50-52, Mwanzo 50:15-26, Matendo ya Mitume 27:13-44



Wengi wetu tuliotoka Kongo tulifika huku kwa njia ya maji. Mimi na jamaa yangu tulivuka Ziwa Tanganyika mwezi wa Agosti 1998, wakati wa kiangazi, upepo wa kusini unapovuma. Tulielekea mashariki, upepo ukatupiga ubavu wa kulia. Kila tulipoongeza mwendo, pua ya mtumbwi iligeuka kulia, kuutazama upepo. Wenye nguvu wote tukapiga kasia upande wa kulia tu ili kuirudisha njiani, hata mabega yakafa ganzi. Ndipo mzee mvuvi aliyetuongoza akasema, "Wanangu, mtachoka bure. Sogezeni mizigo nyuma." Tukasogeza magunia na masufuria. Mtumbwi ukanyooka.

Usiku ule sikuelewa sababu, ila nilielewa baadaye. Chombo kinapokwenda, pua yake hukata maji, na maji huibana huku na huku. Nyuma maji yamekwisha kuvurugika, hayashiki sana. Basi upepo wa ubavuni huisukuma nyuma iliyo nyepesi, na pua hugeuka kuelekea upepo. Sisi tulihangaika na pua kwa sababu ndiyo tuliyoiona. Kumbe shida ilikuwa nyuma yetu.

Wainuiti, watu wa Greenland na kaskazini mwa Kanada, wana chombo chembamba kiitwacho kayaki. Ni cha mtu mmoja, kimefunikwa juu, na kasia lake lina bapa huku na huku. Zamani walikiwamba kwa ngozi ya sili, mnyama wa baharini waliyemwinda. Nacho kina tabia ileile ya kugeukia upepo. Kwa hiyo kayaki nyingi za bahari za siku hizi huwekewa pezi dogo chini, upande wa nyuma, linaloshushwa kwa kamba. Pezi likiwa juu, chombo huugeukia upepo. Likishushwa lote, chombo huelekea kuupa upepo kisogo na kwenda unakokwenda. Likishushwa kwa kiasi, chombo hushika njia yake, ingawa upepo haujakoma.

Ndugu zangu, mioyo yetu ina tabia hiyo. Tumepigwa na upepo mkali. Tumezika, tumepoteza nyumba na mashamba. Sasa kila tunapojaribu kwenda mbele, pua inageuka. Tunaanza kuongea habari za ada ya shule, tunamalizia na yule aliyetuchomea nyumba. Tunaanza kuomba, tunamalizia kwa kulaani.

Naungama mbele yenu. Miaka kadhaa baada ya kufika hapa, mwanangu mdogo alikataa kucheza na mtoto wa jirani tunayechota naye maji bomba moja. Nilipomuuliza sababu, alitaja kabila la mtoto yule. Nikamkemea. Akanijibu kwa upole, "Baba, si wewe ndiye uliyesema?" Mtoto huyo alizaliwa hapa hapa. Ziwa hakulivuka. Lakini pua yake ilikuwa imekwisha kugeukia upepo ambao haujapata kumpiga, na mimi ndiye niliyemgeuza.

Tufanyeje? Neno la Mungu linatufundisha mambo matatu.

Kwanza, tusitegemee nguvu za mkono peke yake. Katika Matendo 27, merikebu ya Paulo ilikamatwa na upepo karibu na Krete. Luka anapoeleza kwamba haikuweza kushindana nao, anatumia neno la Kigiriki lenye maana ya kutazamana jicho kwa jicho. Kuna upepo ambao mwanadamu hawezi kuutazama jicho kwa jicho siku zote. Ukisema tu, "Kesho sitakasirika," unapiga kasia upande mmoja. Utachoka.

Pili, tuweke uzito nyuma. Baadaye, usiku mmoja, mabaharia walitupa nanga nne upande wa tezi, yaani nyuma, wakaomba kuche. Watu 276 walikuwamo, na wote walifika nchi kavu salama. Uzito wetu ni upi? Ni sala ya jioni ya nyumba nzima, hata kama chakula ni kidogo. Ni kuwataja marehemu wetu kwa shukrani, bila kuchanganya majina yao na laana. Ni kumpelekea Bwana mzigo wa nyuma kila siku, maana huko ndiko upepo unakosukuma.

Tatu, tushushe pezi kwa kiasi. Wapo wanaosema, "Sahau yote." Hilo nalo si Neno. Yusufu, aliyepata kuwa mtumwa katika nchi ya ugeni, alimwita mwanawe wa kwanza Manase, kwa kuwa Mungu alimsahaulisha taabu zake. Wa pili akamwita Efraimu, kwa kuwa alizaa matunda katika nchi ya mateso yake. Lakini Yusufu huyohuyo hakuwaficha ndugu zake kwamba walimkusudia mabaya. Tena aliwaapisha Waisraeli waichukue mifupa yake siku watakapotoka Misri. Alisamehe bila kusema uongo, akazaa matunda ugenini bila kusahau kwao. Kwa hiyo, mzazi, wafundishe watoto lugha yako, mto wa kijijini kwako, jina la babu yao. Ukiitwa kutoa ushahidi wa haki, sema kweli. Ila usimrithishe mtoto adui.

Baada ya jibu la mwanangu nilikwenda kwa yule jirani. Nilisimama mlangoni, maneno yakanikimbia. Akanivutia kigoda. Hatukuongea habari za vita siku ile, tuliongea juu ya foleni ya maji. Siku ya tatu watoto walikuwa wanapiga mpira wa matambara pamoja. Mpaka leo, siku nyingine, moyo wangu bado unageuka. Nikiona hivyo, nasogeza mzigo nyuma tena.

Mpendwa, leo jioni, kabla hujafunga mlango, jiulize: watoto wangu wamenisikia nikisema nini wiki hii? Kisha wakusanye, mwombe.

Bwana ashike chombo chako mpaka ng'ambo. Amina.