Kinywa Kimoja Shuleni na Nyumbani

Mama mmoja ametuletea neno ambalo limetukaa moyoni. Binti yake yuko kidato cha nne, naye katika somo la bayolojia amefikia sura ile inayohusu mageuko ya viumbe. Mama akamwuliza, "Je, mwanangu, wayasadiki hayo?" Binti akajibu pasipo kusita, "Mama, usiwe na wasiwasi. Katika mtihani nitaandika wanavyotaka, nipate alama zangu. Moyoni nabaki na Mungu wangu." Mama akafurahi sana, ndipo akatuandikia.

Twamshukuru kwa barua yake, lakini kufurahi pamoja naye hatukuweza. Binti huyu amejifunza jambo ambalo halimo katika muhtasari wa masomo: kwamba kalamu yaweza kuandika yale ambayo moyo unayakana, na kwamba ukweli una nyumba mbili, moja ya shule na moja ya kanisa, na mwenye akili huvua viatu tofauti katika kila moja. Leo ni mtihani wa bayolojia. Kesho atakuwa mtunza fedha wa chama cha ushirika, au shahidi mahakamani. Tena kuna hatari nyingine, nayo tumeiona kwa macho yetu kwa vijana wengi. Mtoto akiambiwa kwamba lazima achague kati ya mwalimu wake na Mungu wake, siku atakapofika Chuo Kikuu na kuona kwa mikono yake mwenyewe kuwa mwalimu hakumdanganya, yule atakayemwacha ni Mungu. Wala lawama haitakuwa ya mwalimu. Itakuwa yetu sisi tuliompa uchaguzi ambao Kanisa halikuutaka kamwe.

Yafaa tujue habari za mahali ambapo jambo hili lilifika mbele ya hakimu. Katika Marekani, jimbo la Pennsylvania, uko mji mdogo uitwao Dover. Mwezi wa Oktoba mwaka 2004 halmashauri ya shule za mji huo ilipiga kura, 6 wakikubali na 3 wakikataa, kwamba wanafunzi wa bayolojia wajulishwe mapengo ya mafundisho ya Darwin, kisha likatungwa tangazo la kuwasomea. Tangazo lilisema kuwa mafundisho ya Darwin ni nadharia tu, yenye mapengo, na kwamba iko njia nyingine ya kueleza asili ya uhai, nayo waliiita usanifu wenye akili. Anayetaka kuijua akasome kitabu fulani kilichowekwa maktabani. Waalimu wa sayansi walikataa kulisoma. Walisema kwamba wakilisoma watakuwa wanawaambia watoto jambo ambalo wao wenyewe wajua si kweli, na kazi ya ualimu haiwapi ruhusa hiyo. Basi Januari 2005 wakubwa wa shule waliingia madarasani wakalisoma wao.

Wazazi 11 walikwenda mahakamani. Msomaji asidhani kuwa hao walikuwa makafiri waliotaka kumfukuza Mungu katika mji. Kati yao walikuwamo Wakristo. Kesi ilianza Septemba 26, 2005, mbele ya hakimu John E. Jones, mtu wa Kilutheri, aliyewekwa katika kiti hicho na Rais George W. Bush. Na hapa ndipo sisi Wakatoliki tunapopaswa kutega masikio, kwa maana wenzetu walisimama pande zote mbili. Shahidi wa kwanza wa wazazi alikuwa Kenneth Miller, mwalimu wa Chuo Kikuu cha Brown, Mkatoliki, mmoja wa waandishi wa kile kitabu cha bayolojia kilichotumika katika shule hizo. Alikuwamo pia John Haught, mwanateolojia Mkatoliki wa Georgetown. Upande wa halmashauri, shahidi mkuu alikuwa Michael Behe wa Chuo Kikuu cha Lehigh, naye pia Mkatoliki.

Behe alisema kwamba ndani ya viumbe vidogo sana mna mitambo ambayo sehemu zake zote zahitajiana, hata ukiondoa moja mtambo wote wafa. Basi haikuweza kutokea kidogo kidogo, na yuko aliyeisanifu. Mfano wake alioupenda ni kile kimkia ambacho bakteria huzungusha ili kuogelea. Miller akajibu kwamba sehemu kadhaa za kimkia hicho zinapatikana katika bakteria nyingine, zikifanya kazi tofauti kabisa, yaani kama sindano ya kuingizia sumu. Kwa hiyo sehemu hizo zaweza kuwa na manufaa kabla hazijaungana kuwa kimkia. Twayasimulia haya kwa urefu ili wasomaji waone kwamba yule Mkatoliki wa kwanza hakushindwa kwa kuwa alimtaja Msanifu. Alishindwa kwa kuwa alimweka Mungu katika pengo la maarifa, na pengo likazibwa.

Hukumu ilitolewa Desemba 20, 2005, kurasa 139. Hakimu alisema kwamba usanifu wenye akili si sayansi, bali ni mafundisho ya dini yaliyobadilishwa jina, na ya kuwa katiba ya nchi ile hairuhusu shule za serikali kuyafundisha kama sayansi. Lakini liko jambo jingine katika hukumu ile ambalo latuhuzunisha kuliko hilo. Nakala 60 za kitabu kile zilinunuliwa kwa fedha zilizochangwa kanisani. Wajumbe wawili wa halmashauri walioyajua hayo, walipoulizwa chini ya kiapo, walijifanya hawajui fedha zilikotoka. Hakimu akaandika waziwazi kwamba walisema uongo. Waliapa kwa Mungu, wakasema uongo, ili kumtetea Mungu! Na shule zile ziliachiwa deni la gharama za kesi, dola zipatazo milioni 1, fedha ambazo zingenunua vitabu vingi vya watoto.

Mtu ataniuliza: haya ya Dover yatuhusu nini? Yatuhusu kwa sababu mawazo yale yanavuka bahari. Mwaka 2006, jirani zetu wa Kenya walipokuwa wakitengeneza upya Makumbusho ya Taifa pale Nairobi, baadhi ya viongozi wa makanisa ya kiinjili walidai kwamba mifupa ya yule kijana wa Turkana, aliyegunduliwa na Kamoya Kimeu mwaka 1984, isiwekwe mbele ya watu kama ushahidi wa mageuko. Nasi katika nchi yetu tuna Olduvai, mahali ambapo Mary Leakey aliliona fuvu la zamadamu mnamo Julai 17, 1959, lenye umri wa miaka ipatayo milioni 1 na laki 7 u nusu. Tunazo na nyayo za Laetoli, zilizokanyagwa katika majivu ya volkano miaka milioni 3 na laki 6 iliyopita, na wenye nyayo hizo walikwenda kwa miguu miwili kama tuendavyo sisi asubuhi kwenda Misa. Mataifa mengine husafiri kuja kuyatazama. Je, sisi tuwaambie watoto wetu wafumbe macho wapitapo hapo?

Wengi wetu tunadhani kwamba Kanisa lafundisha ulimwengu una miaka elfu sita. Halifundishi hivyo. Hesabu ile mashuhuri ya mwaka 4004 kabla ya Kristo ilitolewa na James Ussher, askofu mkuu wa Kianglikana wa Armagh, mwaka 1650. Alikuwa mtu mwenye elimu nyingi, lakini si nabii. Kanisa letu lilimsikiliza zamani sana mtu mwingine, tena Mwafrika, Mtakatifu Augustino wa Hippo. Katika maelezo yake juu ya kitabu cha Mwanzo, karne ya tano ilipoanza, alionya kwamba ni aibu Mkristo kutumia Maandiko Matakatifu kusema upuuzi juu ya nyota na wanyama mbele ya wasioamini wanaoyajua mambo hayo. Maana watu hao watasadikije habari za ufufuko, wakiona vitabu vyetu vimekosea katika yale waliyoyapima wenyewe?

Na msomaji afungue Biblia yake atazame. Katika sura ya kwanza ya kitabu cha Mwanzo, mimea na wanyama hutangulia, mtu huja mwisho. Katika sura ya pili, mtu afinyangwa kwanza, kisha bustani yapandwa, kisha wanyama waletwa. Aliyeziweka sura hizi mbili pamoja hakuwa mpumbavu asiyeona. Alijua kwamba hafundishi utaratibu wa siku wala wa mifupa. Alifundisha kwamba yote yatoka kwa Mungu mmoja, kwamba jua na mwezi si miungu, kwamba mwanamume na mwanamke wana heshima moja, na kwamba dhambi haikutoka kwa Muumba.

Papa Pio XII, katika barua yake Humani Generis ya Agosti 12, 1950, aliwaruhusu wataalamu kuchunguza kama mwili wa mwanadamu umetokana na viumbe hai vilivyotangulia. Akaweka mpaka: roho haitokani na mnyama wala na wazazi, bali kila roho huumbwa na Mungu mwenyewe. Na juu ya Adamu na dhambi ya asili alidai tahadhari kubwa, na mpaka leo wanateolojia wanalishughulikia swali hilo. Hatutaki kumdanganya msomaji kwamba ni jepesi. Oktoba 22, 1996, Yohane Paulo II aliiandikia Akademia ya Kipapa ya Sayansi kwamba mageuko sasa ni zaidi ya dhana tu, akarudia ule mpaka wa roho. Papa Fransisko naye mwaka 2014 aliwaambia wanachama wa Akademia hiyohiyo kwamba Mungu si mchawi mwenye fimbo ya mazingaombwe. Tukumbuke pia kwamba yule aliyefumbua jinsi tabia zinavyorithiwa alikuwa mtawa wetu wa Kiaugustino, Gregor Mendel, katika bustani ya monasteri, kwa njegere zake.

Lakini wapo watakaosema: hayo ni ya wazungu na mifupa yao. La hasha! Mageuko yapo katika zahanati zetu. Sisi wazee twaikumbuka klorokwini, vile vidonge vichungu vilivyotutibu malaria tangu utoto. Mwaka 2001 nchi yetu iliiacha kuwa dawa ya kwanza. Kwa nini? Vijidudu vilivyokuwa dhaifu mbele yake vilikufa, vile vichache vilivyostahimili vikaishi vikazaana, hata vikajaa nchini. Hiyo ndiyo kanuni ya Darwin, na imewazika watoto wetu. Tazameni tena ugonjwa wa selimundu, unaotesa familia nyingi za kanda ya Ziwa na za pwani. Daktari Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alionyesha mwaka 1954 kwamba mtoto aliyerithi chembe hiyo kwa mzazi mmoja tu hukingwa kwa kiasi kikubwa na malaria kali. Anayeirithi kwa wote wawili ndiye augua. Ndiyo sababu imebaki kwa wingi pale palipo na mbu. Mama aliyeambiwa kuwa mwanawe amerogwa na jirani, angalipata kujua hayo, angalimpeleka hospitali mapema, na jirani yake angalilala kwa amani.

Na lile neno la nyani, litajwalo kwa kicheko hata katika mahubiri! Wataalamu hawasemi kwamba babu yetu ni sokwe aliyeko leo porini Gombe. Wanasema sisi na yeye tuna asili moja ya kale, kama binamu wawili walivyo na babu mmoja, wala mmoja hakumzaa mwenzake. Mungu aliyekubali kumfinyanga Adamu kwa udongo hakuona haya ya malighafi duni.

Hatumalizi pasipo kuwasemesha waalimu. Mwalimu wa bayolojia aingiapo darasani, akafundisha mageuko vizuri, kisha akaongeza kwamba basi hakuna Mungu, hakuna roho, na wazazi wenu ni wajinga, huyo naye ameruka ua. Darubini yake haikumwonyesha hayo. Amefanya kosa lile lile la halmashauri ya Dover, ila kwa upande wa pili: ameingiza imani yake katika kipindi cha sayansi. Na katekista naye asiyekisoma kitabu cha bayolojia asikitukane mbele ya watoto. Kila mmoja alime shamba lake. Wakikutana mpakani, wasalimiane.

Yule mama tumemjibu kwa barua. Tumemwomba aketi na bintiye jikoni jioni moja, amwambie aisome sura ile kwa sauti mpaka mwisho, na asimkatize. Amejibu juma lililopita. Anasema walisoma kwa jioni tatu, na kwamba binti, kitabu kilipofungwa, aliuliza swali moja: ikiwa Mungu alitaka kutupata sisi, kwa nini alingoja muda mrefu hivyo? Mama hakuwa na jibu. Anatuuliza kama ni dhambi kumwambia mtoto kwamba hajui. Tumemwandikia kwamba si dhambi, na kwamba Jumapili baada ya Misa waende wote wawili kwa paroko wao na swali hilo.